Nimepika kanisani miaka 12, siku ya jubilei nikaambiwa nipishe kiti

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, maana mume wangu akiniona na simu saa hizi atajua ni habari za kanisa tena, na ameshanikataza kuzileta mezani.

Nina miaka 46 na watoto wanne. Riziki yangu ni kibanda cha chakula karibu na stendi, hapa Iringa. Jikoni usharikani kwetu nimehudumu miaka 12. Ilianza na msiba mmoja: mpishi aliyetegemewa hakutokea, mchungaji wa wakati ule akauliza nani anaweza kuivisha wali wa watu 200 bila kuuunguza, wenzangu wakanisukuma mbele. Tangu hapo misiba, harusi, kipaimara, mikutano ya jimbo, yote ni mimi. Jumamosi nadeki kanisa, nafua vitambaa vya madhabahuni na kuvipiga pasi. Funguo za stoo ya vyombo ninazo mimi. Mahubiri mengi nimeyasikia kwa spika ya nje huku nageuza nyama. Sijawahi kudai hata senti. Mkaa ukipungua natoa wa kibandani kwangu, na siku ya msiba nafunga biashara. Nilifanya kwa Bwana wala sikujuta.

Mwezi wa saba usharika ulitimiza miaka 50. Askofu alikuja, wageni wakajaa mpaka chini ya miti. Tuliingia jikoni saa tisa usiku, na baridi ya Iringa ya mwezi wa saba unaijua. Tumejifunga mashuka juu ya masweta. Mchele kilo 90, ng'ombe mmoja, vitunguu vya kachumbari mpaka macho yakavimba. Ilipofika saa nne nikanawa, nikavaa kitenge cha jubilei nilichonunua kwa hela yangu kama kila mtu, nikaingia kanisani nikaketi mstari wa tatu. Nikasema leo na mimi nimsikie askofu. Wimbo wa kwanza haujaisha, mzee wa zamu akaniinamia sikioni: "Mama, wewe ni wa nyumbani. Tupishe mgeni kidogo." Nikainuka. Aliyekaa pale ni kijana aliyekuja kwenye msafara wa mgeni rasmi. Nilimwacha anachezea simu.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Ukafika wakati wa vyeti. Wakaitwa waliotoa saruji, kamati ya ujenzi, kwaya zote tatu, mpiga picha, mpaka fundi wa muziki ambaye najua alilipwa. Kila mmoja cheti na kitenge. Nasikiliza kwa spika, mwiko mkononi. Mwenzangu akaninong'oneza, "Sasa hivi wanatuita, vua aproni." Nikaivua. Hawakutuita. Chakula kilipokwisha gawiwa, sisi wapishi tukakuta ukoko. Niliukwangua nikala nimesimama.

Jumatano yake nikaenda kwa mchungaji. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Unyenyekevu, mama. Thawabu yako iko mbinguni." Akaniombea, nikatoka.

Tangu siku hiyo sijarudi jikoni. Jumapili ya pili akafariki mzee mmoja wa jumuiya yetu, wakamtuma mtoto aje achukue funguo za stoo. Nikamwambia sizioni. Mama, zilikuwa kwenye mfuko wa sketi niliyovaa. Wakaenda kuazima masufuria mtaa wa pili, waombolezaji wakala saa kumi na moja jioni. Tangu siku ile usingizi umenipaa.

Na haya nikueleze, usije ukaona nimekuficha. Mwaka jana katibu wa umoja wa wanawake, binti mdogo tu, alileta wazo la zamu, kila jumuiya ipike mwezi wake. Nilimkatalia mbele ya watu, nikasema watoto wa siku hizi hata maji ya wali hawajui kupima. Halafu nilipofanyiwa upasuaji kina mama walikuja kunifulia, nikaisukumia ndoo ya nguo uvunguni nikasema hakuna kitu cha kufua. Sijazoea kuhudumiwa, naona aibu.

Mume wangu anasema kanisa lina wenyewe, niache. Mimi nauliza: kuumia kwangu ni dhambi? Unyenyekevu ndio kunyamaza? Niache au nirudi?

Mama wa Jikoni, Iringa

*

Marahaba mwanangu. Ameen.

Nianze na kile kiti, maana nimeshindwa kukipita. Kwa desturi zetu "wewe ni wa nyumbani" ni neno la heshima. Mgeni akiingia, mtoto wa nyumbani anaondoka kwenye kochi anakaa mkekani, na hakuna anayenuna. Lakini nyumba yenye adabu, mgeni akishatulia, na huyo wa nyumbani hutafutiwa kigoda. Wewe hukutafutiwa. Ulikuwa wa nyumbani wakati wa kunyanyuliwa. Wakati wa kuita majina, unyumbani wako haukukumbukwa na mtu. Na Yakobo aliliona jambo hili hili katika karne ya kwanza, hata kanisa halijawa na viti vya kukodi. Sura ya pili anamweleza mtu aliyeingia na pete ya dhahabu, akaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri," na maskini akaambiwa, "Simama wewe pale." Yakobo haliiti hilo ukarimu kwa wageni. Analiita upendeleo, na mistari michache mbele anasema wazi kuwa ni dhambi. Kwa hiyo pale kanisani dhambi ilikuwepo, ila haikuwa kwako.

Kuumia si kosa. Mtu akikukanyaga ukasikia maumivu, maana yake mguu wako ni mzima.

Mchungaji wako alisema kweli, lakini siku hiyo yeye hakuwa mtu wa kuisema. Thawabu ya mbinguni ni neno la kujiambia mwenyewe, saa tisa usiku, moshi ukikuingia machoni. Anayedaiwa asante akikwambia wewe neno hilo, amekupa hundi ya benki ya mtu mwingine. Alichotakiwa kusema ni kifupi: tumekukosea.

Wapo watakaokuletea Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Wasomee vizuri. Pale Bwana anamkataza mtoaji kupiga panda mbele yake. Hakumkataza jirani kusema asante. Mtume Paulo, ambaye hakuna atakayesema hakujua unyenyekevu, alimaliza barua yake kwa Warumi kwa sura karibu nzima ya majina. Anaanza na Fibi, "aliye mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea". Mbele kidogo yumo Mariamu, "aliyejitaabisha sana kwa ajili yenu". Anamtaja Rufo na mama yake, na juu ya huyo mama anasema ni "mama yangu pia". Mimi husoma hapo nikamwona Paulo amekaa kwenye kigoda anapakuliwa. Barua ile ilisomwa mbele ya watu. Trifaina na Trifosa walisikia majina yao yakitamkwa kwa kazi waliyoifanya, na hatuambiwi kwamba thawabu yao ya mbinguni ilipungua. Nehemia naye, sura ya tatu, anaorodhesha waliojenga ukuta wa Yerusalemu kipande kwa kipande, mpaka mabinti wa Shalumu wamo, na hapo hapo anaandika kwamba wakuu wa Watekoi hawakutia shingo zao kazini. Biblia haina haya kwenye mambo hayo. Ningekuwa kwenye kamati yenu ya jubilei ningeisoma sura hiyo kabla ya kuchapisha vyeti.

Tena lugha yetu yenyewe ya kanisani imetupotosha. Siku hizi ukisikia "karibu mtumishi", tazama: mtumishi ndiye anayebebewa Biblia, anayefunguliwa mlango wa gari, anayewekewa maji ya chupa na kitambaa chini yake. Anayeyaweka hayo maji haitwi mtumishi. Anaitwa "hebu wewe". Tumelichukua neno la jikoni tukalivisha suti, halafu tunashangaa jikoni pamebaki bila jina.

Kwa hiyo, unyenyekevu ndio kunyamaza? Hapana, na ushahidi wangu ni Matendo sura ya sita. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa chakula wa kila siku. Chakula, mwanangu, kama ukoko wako. Watu wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wajane "unyenyekevu, mama". Waliitisha mkutano, wakawaambia watu wachague saba wa kusimamia jambo hilo, na mmoja wao alikuwa Stefano. Lile nung'uniko lilibadili utaratibu wa kanisa zima, na hakuna aliyekemewa.

Hapo nimemaliza upande wa kanisa. Sasa sogea karibu, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu sikuwa natazama kiti tena. Nilikuwa natazama mfuko wa sketi.

Nikupe habari yangu. Nilikuwa mkunga miaka 31 kabla sijastaafu. Wodi niliyoanzia ilikuwa na mkasi mmoja mkali. Mingine ilitafuna kitovu badala ya kukikata. Mkasi ule niliunoa mimi, niliuchemsha mimi, na taratibu nikaanza kutoka nao zamu, uko mfukoni mwa gauni, najiambia wanafunzi watauharibu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuja kugongewa mlango usiku: "Sista, tunaomba mkasi." Miaka hiyo nilijiona mimi ndiye ninayejitoa kuliko wote. Likizo sikuchukua. Watu walinisifu, nami nikajibu, "Ni neema tu." Matroni hakunigombeza. Siku moja natoka zamu, akasimama mlangoni, akasema, "Geuza mfuko." Nikageuza. Akauchukua ule mkasi akaurudisha kwenye trei ya vyombo, kwenye kabati ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza alilifikia. Mwanangu, nililia wiki nzima. Kwa ajili ya mkasi.

Unaona ninakokwenda. Zile funguo hazikuanza kuwa tatizo siku ya msiba. Zilianza siku ulipomkatalia yule binti zamu. Alikuletea watu wa kukusaidia kubeba, ukaona amekuja kukupokonya. Na ndoo ya uvunguni ni ndugu ya funguo. Mtu anayetumikia kila mtu na hataki kutumikiwa na yeyote, hapo kuna kitu kimejificha, na mimi nakijua kwa jina kwa sababu nimelala nacho miaka. Ni kutaka wote wawe na deni kwako na wewe usiwe na deni kwa mtu. Kinafanana sana na unyenyekevu. Kinavaa hata aproni yake.

Petro alikuwa nacho. Yohana 13, Bwana ameshajifunga kitambaa kiunoni, maji yako kwenye bakuli, anafika kwa Petro, na Petro anasema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Ukiisoma haraka utadhani ni heshima. Jibu alilopewa lilikuwa kali: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Nina jirani Msabato, wao kabla ya Meza ya Bwana hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, kila mtu na mwenzake, beseni na taulo. Nilimuuliza kipi kigumu. Nilidhani atasema kuinama. Akaniambia kuinama unazoea, lakini kuvua soksi mbele ya mtu ambaye wiki nzima mmenuniana, ukamwachia ashike kisigino chako chenye nyufa, hapo ndipo mtu anapotafuta sababu ya kwenda chooni. Nimekaa na maneno yake siku nyingi. Ndoo yako ya nguo ndiyo kisigino hicho.

(Katika habari hizi za kutawadha, wengi walimsifu Papa Fransisko mwaka 2013 alipoosha miguu ya wafungwa vijana 12 kule Roma, wakiwemo wasichana wawili. Nami nilisifu, lilikuwa jambo jema. Lakini hesabu yangu ya kikunga inaniambia kuwa miaka 12 ya kudeki kanisa ni Jumamosi 624, na hakuna kamera iliyokuja hata moja. Kwa hiyo usidhani naidharau kazi yako ninapokubana kwenye funguo. Nakubana kwa sababu naiheshimu.)

Utaambiwa pia wewe ni Martha, uache vyungu ukakae miguuni. Martha namtetea kila anapotajwa. Alichoambiwa ni kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa vitu vingi, tena aliambiwa baada ya kuanza kumpigia hesabu ndugu yake. Kupika hakukatazwa. Fungua Yohana 12: karamu nyingine, Bethania ile ile, na Martha yuko pale pale anatumikia. Safari hii hahesabu nani amekaa. Jikoni hakutoka, kilichotoka ni kile kinyongo.

Sasa cha kufanya. Funguo zirudi kabla ya Jumapili. Usimpe mtoto, wala usizitupie mlangoni kwa mchungaji kama mtu anayejiuzulu. Mpelekee mwenyekiti wa wanawake mkononi, na uwaombe yeye na katibu, yule binti, wachonge nakala. Funguo moja kwa kanisa zima ni uzembe hata kama anayeitunza ni malaika. Binti huyo mwambie kuwa siku ile ulimwaibisha, na kama wazo la zamu bado analo, utafundisha kupima maji. Mtu aliyeivisha kilo 90 za mchele bila kuunguza ana darasa la kutoa. Kwanini liende nawe kaburini?

Kwa wafiwa nenda mwenyewe, jioni, na sukari yako kilo mbili. Usianze na habari ya jubilei, maana ukiianza utaishia kujitetea, nao wana msiba wao. Waambie funguo nilikuwa nazo, nilidanganya, mnisamehe. Pengine watanyamaza, na ukimya huo uuvumilie. Hii ndiyo sehemu pekee ya barua yako ninayoiita dhambi, na wewe umeshaiita hivyo kabla yangu, ndiyo maana hulali.

Mzee wa zamu yeye ana Mathayo 18: wewe na yeye peke yenu. Nina hakika hata hakumbuki. Watu wa namna hiyo hawana ubaya, wana haraka tu. Mwambie ilivyokuuma, bila kumletea maandiko. Akiwa mzee wa kweli atayakumbuka mwenyewe.

Kwa mchungaji rudi, ila safari hii nenda na mwenyekiti wa wanawake na mzee mmoja wa kanisa, na uende na hoja ya jikoni nzima, maana siku ile hamkusahauliwa wewe peke yako. Mlikuwa wangapi mle kwenye moshi? Yule aliyekwambia uvue aproni naye alivua ya kwake. Semeni chakula cha wapishi kitengwe kwanza, kabla sahani ya kwanza haijatoka. Semeni mkaa uingie kwenye bajeti ya usharika. Cheti usikidai. Kikija, kipokee, sema asante, na usiseme "sikustahili", maana huo utakuwa uongo mwingine.

Kuhusu mume wako nitakuwa mkali kidogo. Neno la "kanisa lina wenyewe" silipendi, lakini nalisikia limetoka wapi. Huyo baba amekula kiporo miaka 12. Chukua daftari, mkae wawili, mhesabu mwaka jana kibanda kilifungwa siku ngapi na mkaa uliotoka ni magunia mangapi. Ulipotoa, ulitoa na cha kwake, na barua yako haisemi popote kwamba ulimuuliza. Anayetoa cha wawili bila kumuuliza mwenzake hajatoa bado, amechukua. Mkishahesabu, pangeni pamoja mtatoa nini. Huenda akakushangaza.

Na swali lako la mwisho, uache au urudi. Jikoni kaa nje miezi mitatu. Usikae kwa kususa. Tangaza kuwa unapumzika, na ueleze zamu ni ya nani. Misiba itatokea na wali utaungua, nao watu wataula hivyo hivyo, kama walivyoula wa kwako wa kwanza. Baada ya hapo rudi kwa zamu kama wenzako. Katika hiyo miezi mitatu nataka ufanye kitu ambacho nadhani hujakifanya siku nyingi: usikilize mahubiri kutoka "Bwana awe nanyi" mpaka baraka, umekaa, hakuna kitu kinachochemka.

Maana tunapolisoma fungu la kutawadha huwa tunaishia kwenye bakuli. Angalia linavyoanza na linavyoishia. Kabla hajainuka, Yohana anasema Yesu alikuwa anajua Baba amempa vyote mikononi, anajua ametoka kwa Mungu na kwa Mungu anakwenda. Hakuinama ili apate kuwa mtu. Alikuwa ameshajua yeye ni nani, kwa hiyo hakuna bakuli lililoweza kumpunguzia kitu. Wewe nadhani ulianza hivyo hivyo, siku ile ya wali wa watu 200; katikati ya safari jikoni pakageuka kuwa cheti chako cha kuzaliwa, na ndiyo maana jina liliporukwa, uliona kama umefutwa. Halafu mstari wa 12: alipokwisha kuwatawadha, akayatwaa mavazi yake, akaketi tena. Alirudi kwenye kiti chake, mwanangu. Hakubaki sakafuni na taulo mpaka Ijumaa.

Jumapili ijayo vaa kile kitenge cha jubilei. Wahi, ukae mstari ule ule wa tatu. Mzee wa zamu akija akakuinamia sikioni akasema wewe ni wa nyumbani, mjibu kwa upole, "Ndiyo maana nimekaa."